Picha ya diski ikivunjika kimyakimya, hesabu za msimu ziko hatarini

WAKULIMA na wafanyabiashara wa Nyanda za Juu Kusini wanaufahamu vyema usemi wa wahenga kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa miaka mingi usemi huo ulimaanisha daftari la karatasi, kalamu ya wino na karani mwenye mwandiko unaosomeka.

Siku hizi daftari limehamia kwenye kompyuta. Kilo za kahawa mbivu zinazopimwa Mbozi, majani mabichi ya chai ya Rungwe na Mufindi, magunia ya mpunga wa Mbarali na madeni ya mbolea iliyochukuliwa kwa mkopo katika duka la pembejeo mjini Mafinga, mengi ya hayo sasa huandikwa kwa kubonyeza vitufe.

Hata hivyo, daftari la kompyuta nalo hupotea bila habari. Tofauti ni kwamba la karatasi likiliwa na mchwa mwenye nalo huona, wakati la kompyuta linaweza kukaa miezi kadhaa bila nakala yoyote iliyo nzima, na kila mtu ofisini akaamini kwamba nakala zipo.

Moja ya sababu za hali hiyo ni kushindwa kwa kile ambacho mafundi hukiita picha ya diski, katika kompyuta zinazoendeshwa kwa mfumo wa Linux. Makala haya yanaeleza picha hiyo ni nini, kwa nini huvunjika hasa wakati wa msimu, na hatua za kuchukua kabla hasara haijamfikia mkulima.

Linux ilivyofika vijijini

Linux ni mfumo wa kuendesha kompyuta ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi nchini Finland. Haulipiwi leseni, na ndiyo maana vyama vya akiba na mikopo, hospitali, shule na wafanyabiashara wenye mtaji mdogo wamevutiwa nao, hasa kwa ile kompyuta kuu ya ofisi inayoitwa seva.

Hapa nchini mfumo huo si mgeni. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki katika mradi wa Kilinux uliotafsiri programu huria kwa Kiswahili, na mwaka 2004 ukatoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandika barua na kupiga hesabu. Mkoani Iringa, Chuo Kikuu cha Tumaini, ambacho sasa ni Chuo Kikuu cha Iringa, kilianza mwaka 2007 kufundisha shahada ya teknolojia ya habari. Mbeya nako kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, MUST.

Kwa hiyo mafundi wapo. Kinachokosekana mara nyingi ni mwenye mali kujua la kumuuliza fundi.

Picha ya diski ni nini?

Diski ya seva ni mfano wa shamba. Mwenye shamba analigawa vipande: hapa mahindi, hapa viazi, hapa maharage, na pengine anabakiza kipande ambacho hakijalimwa. Ndani ya Linux kazi hiyo ya kugawa hufanywa na programu iitwayo LVM. Shamba zima huitwa kundi, na kila kipande huitwa fungu.

Hesabu za wanachama hukaa katika fungu mojawapo. Shida huanza pale zinapotakiwa kunakiliwa. Kunakili huchukua muda, pengine saa mbili au tatu, na wakati huo makarani wanaendelea kupima na kuandika. Nakala inayotokana inakuwa na ukurasa wa kwanza wa asubuhi na ukurasa wa mwisho wa mchana, na hesabu hazilingani.

Picha huondoa tatizo hilo. Fundi anaamuru mashine ipige picha ya fungu, na katika sekunde chache hali ya hesabu ya dakika ile inagandishwa. Makarani wanaendelea na kazi kwenye fungu halisi, huku nakala ikitolewa taratibu kutoka kwenye picha ambayo haibadiliki.

Jambo la kuelewa ni kwamba picha hainakili fungu lote. Inapopigwa, mashine hutenga kapu dogo katika ile sehemu ya shamba isiyolimwa. Kuanzia hapo, kila mara taarifa inapotaka kubadilishwa kwa mara ya kwanza, mashine huichukua kwanza ile ya zamani na kuitia ndani ya kapu, ndipo huandika mpya mahali pake. Anayeisoma picha huonyeshwa ya zamani kutoka kapuni, na yale ambayo hayajabadilika huyasoma kwenye fungu lenyewe.

Ndiyo maana kapu linaweza kuwa dogo kuliko fungu. Na hapo ndipo hatari ilipo.

Kapu likijaa, picha hufa

Kapu likijaa, mashine haina pa kuweka taarifa za zamani. Haisimamishi kazi ya makarani. Inachofanya ni kuitangaza picha kuwa batili, na kuanzia hapo anayejaribu kuisoma hupata makosa. Fungu halisi linabaki salama, makarani wanaendelea kupima, na hakuna anayestuka.

Nakala iliyokuwa inatolewa, hata hivyo, inakatika katikati. Faili linabaki kwenye diski ya nje likiwa na jina lake na tarehe yake kama kawaida, ila ndani yake ni nusu ya hesabu.

Chukua mfano wa chama cha wakulima wa kahawa. Fungu la hesabu lina ukubwa wa GB 40, na fundi ametenga kapu la GB 2. Mwezi Februari, ambapo kahawa haijaiva, mabadiliko ni MB 200 kwa saa na nakala inamalizika kwa saa mbili. Kapu linajaa MB 400, yaani takriban asilimia 20. Kila kitu kinakwenda sawa, na fundi anaondoka akiwa ameridhika.

Mwezi Julai mizani haipumziki. Wanachama wanaleta kahawa tangu alfajiri, malipo ya awali yanapigiwa hesabu, na mabadiliko yanafika MB 600 kwa saa. Kwa vile mashine ina kazi nyingi, nakala nayo inachukua saa nne. Nafasi inayohitajika sasa ni MB 2,400, wakati kapu la GB 2 lina MB 2,048 tu. Picha inakufa kabla ya saa nne kutimia.

Kwa maneno mengine, picha ile ile iliyofanya kazi vizuri wakati hakuna cha kupoteza, inavunjika wakati fedha za wakulima ndiyo zinaingia. Huo ndio mtego wenyewe, na ndiyo sababu jaribio lililofanywa nje ya msimu si uthibitisho wa chochote.

Hasara inakuwa kubwa zaidi pale amri za kunakili zilipopangwa vibaya. Wapo wanaoipangia mashine ifute nakala ya jana kwanza ili kupata nafasi, kisha itoe nakala mpya. Siku picha inapokufa, nakala nzuri ya jana imeshafutwa na ya leo ni nusu. Hali hiyo ikijirudia kila usiku kwa msimu mzima, siku diski itakapoharibika chama hakitakuwa na pa kuanzia.

Sababu nyingine za picha kushindwa

Kujaa kwa kapu si sababu pekee. Mara nyingine picha haipigwi kabisa, na mashine hukataa tangu mwanzo. Sababu inayojitokeza sana ni shamba kuwa limelimwa lote. Wakati wa kuweka mfumo, nafasi yote ya diski iligawiwa kwa mafungu na hakuna kipande kilichobaki cha kuwekea kapu.

Sababu ya pili ni sasisho. Mfumo umepakua kiini kipya cha Linux, cha zamani kimeondolewa, lakini mashine haijazimwa na kuwashwa upya. Kifaa cha programu kinachohusika na picha, dm_snapshot, hakipatikani tena kwa kiini kinachoendelea kufanya kazi. Kuwasha upya mashine kwa utaratibu, baada ya saa za kazi, hutatua tatizo hilo.

Sababu ya tatu ni picha za zamani zilizosahauliwa. Kila picha iliyoachwa hai huendelea kujaza kapu lake na kuifanya mashine iwe nzito, kwa kuwa kila taarifa inayobadilishwa kwa mara ya kwanza hulazimu kazi ya ziada. Wafanyakazi hulalamika kwamba kompyuta imechoka, kumbe imebebeshwa picha tatu za mwezi uliopita.

Sababu ya nne inawahusu wanaotumia aina ya mpangilio wa faili iitwayo XFS. Picha inapigwa vizuri, lakini inapotaka kufunguliwa mashine inakataa kwa kuwa picha na fungu halisi vina namba moja ya utambulisho. Dawa yake ni kuongeza neno "nouuid" katika amri ya kuifungua, pamoja na "ro" ili picha isomwe tu bila kuandikwa.

Ya tano, na mbaya kuliko zote, ni diski yenyewe kuanza kuharibika. Hapo kushindwa kwa picha si ugonjwa bali ni dalili.

Hatua za kuchukua

Fundi anapogundua kwamba picha imeshindwa, jambo la kwanza ni kutokuwa na haraka. Asizime mashine kwa kuchomoa waya, na asifute chochote kabla hajajua hali ilivyo.

Hatua ya kwanza ni kutoa amri ya "lvs". Hiyo huorodhesha mafungu na picha zote. Katika safu ya Data% itaonekana kapu limejaa kwa kiasi gani. Likifika 100, picha imekwisha. Katika safu ya Attr, herufi ya tano ikiwa I kubwa, maana yake ni kwamba picha ni batili.

Hatua ya pili ni amri ya "vgs", inayoonyesha shamba zima. Safu ya VFree hueleza ni nafasi kiasi gani haijagawiwa. Ikisoma sifuri, hakuna picha itakayopigwa mpaka nafasi ipatikane.

Hatua ya tatu ni kusoma kumbukumbu za mashine kwa amri ya "dmesg" au "journalctl -k". Kukiwa na mistari mingi ya makosa ya kusoma au kuandika kwenye diski, aachane na habari ya picha na kunakili kwanza kilicho muhimu kwenda diski nyingine. Amri ya "smartctl" nayo husaidia kupima afya ya diski.

Hatua ya nne, kama diski ni nzima, ni kuiondoa picha iliyokufa kwa amri ya "lvremove". Picha batili haifufuki. Hapa umakini mkubwa unahitajika, kwa sababu amri hiyo hiyo ikiandikiwa jina la fungu halisi badala ya picha, hufuta hesabu zenyewe pamoja na picha zake. Ni vyema jina lisomwe kwa sauti na mtu wa pili akiwa ameketi pembeni, kama inavyofanyika wakati wa kuhesabu fedha.

Hatua ya tano ni kupiga picha mpya yenye kapu linalolingana na msimu. Kwa mfano wa chama kilichotajwa, amri inaweza kuwa "lvcreate -s -n picha -L 6G /dev/chama/hesabu". Kapu la GB 6 linatosha mabadiliko ya MB 600 kwa saa kwa zaidi ya saa kumi. Kipimo kizuri ni kutazama siku yenye kazi nyingi kapu limefika wapi, kisha kutenga mara mbili yake.

Hatua ya sita ni kuiambia mashine iongeze kapu yenyewe. Katika faili la /etc/lvm/lvm.conf kuna mahali paitwapo snapshot_autoextend_threshold. Kwa kawaida pameandikwa 100, maana yake ni kwamba mashine isifanye lolote. Pakiandikwa 70, na snapshot_autoextend_percent ikawa 20, kapu likivuka asilimia 70 litaongezwa kwa asilimia 20 ya ukubwa wake. Sharti ni kwamba shamba liwe na nafasi tupu na programu ya uangalizi, dmeventd, iwe inafanya kazi.

Hatua ya mwisho ni kuondoa picha mara nakala inapokamilika. Picha ni ya saa chache, si ya kufugwa.

Nafasi ikikosekana kabisa, inafaa kuongeza diski nyingine ndani ya seva na kuiunganisha na kundi kwa amri za "pvcreate" na "vgextend". Diski hiyo iwe tupu au iwe imekwisha hamishwa vitu vyake, maana hutayarishwa upya. Isiunganishwe diski ya nje ya kuchomeka. Siku mtu atakapoichomoa kwenda nayo nyumbani, kundi zima litayumba.

Wenye picha za aina mpya

Wapo waliowekewa aina nyingine ya mpangilio ambamo mafungu na picha zote huchota nafasi kutoka bwawa moja. Faida yake ni kwamba picha haihitaji kapu lake peke yake, na picha nyingi zinaweza kukaa pamoja bila kuielemea mashine.

Lakini bwawa lina hatari yake. Katika mpangilio wa kawaida kapu likijaa hufa picha peke yake. Bwawa likijaa, hata mafungu halisi hushindwa kuandika, na ofisi nzima husimama. Mwenye mpangilio huo anatakiwa kutazama safu mbili katika "lvs", yaani Data% na Meta%, kwani bwawa linaweza kuwa na maji huku daftari la kugawia maji hayo limejaa.

Picha peke yake si akiba

Kosa lingine kubwa ni kudhani kwamba ukishakuwa na picha, una akiba. Picha imo ndani ya diski ile ile, na sehemu kubwa ya inachoonyesha inasomwa kutoka kwenye fungu lile lile. Diski ikifa, vyote viwili vimekwenda. Mashine ikiibwa au kuungua, ni vivyo hivyo.

Wafanyabiashara wa Mbeya hawahitaji kusimuliwa habari za moto. Soko la Mwanjelwa liliteketea mwaka 2006, na mwaka 2011 moto ukaunguza soko la SIDO katika eneo hilo hilo. Pamoja na bidhaa, katika moto wa aina hiyo huteketea pia orodha ya wadaiwa, na mdaiwa ambaye jina lake halipo popote ni vigumu kumkumbusha.

Kanuni inayokubalika na mafundi ni nakala tatu, katika vyombo viwili tofauti, na moja kati ya hizo iwe mbali na jengo. Kwa chama cha kijijini hiyo inaweza kuwa hesabu zenyewe kwenye seva, nakala kwenye diski ya nje iliyofungiwa kabatini, na nakala nyingine kwenye diski inayopelekwa benki au ofisi nyingine mjini kila wiki. Mkongo wa Taifa wa mawasiliano unapita Iringa na Mbeya, hivyo wenye intaneti ya kuaminika wanaweza pia kupeleka nakala usiku kwenda seva ya mbali.

Nakala inayotoka nje ya jengo inapaswa kufungwa kwa neno la siri. Majina, namba za simu na mikopo ya wanachama ni taarifa za watu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayezitunza azilinde.

Aidha, picha igande pamoja na hesabu zilizotulia. Hifadhidata za kisasa kama PostgreSQL zinaweza kujirekebisha zikifunguliwa kutoka kwenye picha, ilimradi taarifa zake zote zimo katika fungu moja. Zikiwa zimegawanywa katika mafungu mawili, picha mbili zilizopigwa kwa dakika tofauti hazitakubaliana. Kwa usalama, chama kitoe pia nakala kwa amri ya hifadhidata yenyewe, "pg_dump" au "mysqldump", angalau mara moja kwa siku.

Umeme na radi

Katika nyanda hizi mvua hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili, na radi ni jambo la kawaida. Umeme unaokatika ghafla wakati diski inaandika ni adui wa kwanza wa hesabu. Nchi ilishuhudia mgawo mkali wa umeme mwaka 2006 na mwaka 2011, wakati maji yalipopungua katika mabwawa likiwamo la Mtera lililoko mpakani mwa Iringa na Dodoma, na vituo vingi vya kompyuta vilijifunza kwa gharama.

Betri ya akiba ya seva, ambayo wengi huiita yupiesi, si anasa. Kazi yake si kuendesha ofisi siku nzima bali kuipa mashine dakika chache za kujizima kwa utaratibu. Iunganishwe na seva kwa waya wake wa mawasiliano ili mashine ijue umeme umekatika, na betri ipimwe kila mwaka. Kabla radi kali haijafika, nyaya za umeme na za mtandao zichomolewe baada ya mashine kuzimwa.

Jaribu kurejesha kabla ya msimu

Mkulima hajui mbegu imeota mpaka aione ardhini. Vivyo hivyo, hakuna nakala inayoweza kuitwa nzuri mpaka imerejeshwa na kufunguliwa.

Kabla mizani haijaanza kazi, fundi achukue nakala ya karibuni, airejeshe kwenye kompyuta nyingine, na karani achague wanachama kumi bila kupanga. Kilo zao, malipo yao na madeni yao vilinganishwe na stakabadhi za karatasi. Jaribio hilo lirudiwe msimu ukiwa umepamba moto, kwa kuwa huko ndiko picha huvunjika.

Amri za kunakili nazo zipangwe upya. Kwanza nakala mpya itolewe, pili ikaguliwe kwamba imekamilika, na tatu ndipo ya zamani zaidi ifutwe. Mashine itume ujumbe kwa simu au barua pepe nakala inapokamilika. Siku ujumbe usipofika, mtu aulize. Ni bora zaidi kuliko kungoja ujumbe wa makosa, kwa sababu mashine iliyokufa haitumi ujumbe wowote.

Wanachama waulize nini?

Mkulima aliyeko shambani hahitaji kuzijua amri za Linux. Anahitaji kuuliza maswali manne katika mkutano mkuu, na kutaka majibu yaandikwe katika muhtasari.

Nakala ya mwisho ya hesabu zetu ilitolewa lini? Iko wapi, na je, ipo nyingine nje ya jengo hili? Mara ya mwisho kuirejesha na kuifungua ilikuwa lini, na nani alishuhudia? Fundi akisafiri au akiugua, nani mwingine anajua kufanya kazi hiyo?

Maswali hayo yana uzito wa sheria. Vyama vya ushirika vinaendeshwa chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 na hesabu zake hukaguliwa. Kwa upande wa kodi, Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka mlipakodi atunze kumbukumbu zake kwa muda usiopungua miaka mitano. Mkaguzi akifika, jibu kwamba kompyuta iliharibika halimwondolei mtu wajibu.

Zaidi ya sheria, kuna haki ya mtu. Bibi aliyebeba kahawa yake kichwani hadi kwenye mizani hana ushahidi mwingine ila stakabadhi aliyoifunga kwenye kona ya kanga na mstari mmoja ulioandikwa kwenye seva. Stakabadhi ikilowa na mstari ukapotea, malipo ya pili yatakapotangazwa jina lake halitasomwa.

Kapu la GB chache, diski moja ya nje na nusu siku ya kujaribu kurejesha nakala ni gharama ndogo ukilinganisha na mavuno ya msimu mmoja. Chama kinachonunua mizani mpya kila baada ya miaka michache hakina sababu ya kushindwa kununua usalama wa kile ambacho mizani hiyo imepima.